Bakuli la Chini ya Birika

Siku zangu za mgao wa maji ni Jumanne na Ijumaa. Saa tisa za usiku natega sikio kabla ya kuwasha taa, kwa sababu bomba hukohoa kabla ya kuleta maji. Hutangulia upepo, likafuata tone, upepo tena, kisha yanakuja kwa kishindo. Nikikisikia kikohozi hicho najifunga kanga juu ya sweta na kushuka ngazi za mawe hadi kwenye kioski changu hapa Mashimoni, Mathare. Mitungi huwa imenitangulia. Imejipanga foleni bila wenyewe, kila mmoja na alama yake: huu umefungwa utepe mwekundu, ule umechomwa jina kwa msumari wa moto, mwingine umezibwa kwa gunzi la hindi. Wenyewe wamelala. Katika miaka kumi na minne niliyouza maji hapa sijaona mtu akirudisha mtungi wa jirani nyuma ili wake utangulie, na hilo nataka lijulikane na wote wanaosema watu wa Mathare hawawezi kutunza kitu.

Maji ya mwanzo siyauzi. Hutoka na rangi ya chai ya rangi, wakati mwingine na harufu. Mabomba yetu mengi yanapita ndani ya mitaro ya majitaka, yamelazwa moja juu ya jingine kama nywele zisizochanwa. Siku ambazo mgao si wetu, bomba huwa tupu, na bomba tupu hunyonya. Penye ufa mdogo tu linavuta kilicho nje. Kwa hiyo nina karai langu jeupe la enameli lenye ua jekundu lililochorwa chini. Nalitega chini ya mfereji, namwaga, nategea tena. Ua likionekana hadi ncha za majani yake, ndipo naita wateja. Hata hapo nawaambia akina mama watie dawa ya klorini, kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20, wasubiri nusu saa. Ua huonekana vizuri sana hata katika maji yenye kipindupindu.

Nimezaliwa Siyu, kisiwa cha Pate, katika funguvisiwa la Lamu. Nilipoletwa Nairobi na mume wangu mwaka 1994, neno la kwanza lililonishangaza ni hili la mtungi. Kwetu mtungi ni chombo cha udongo, shingo nyembamba, tumbo pana, hukaa kivulini maji yakapoa yenyewe. Hapa mtungi ni dumu la plastiki la manjano lililomaliza kazi ya kubeba mafuta ya kupikia. Neno la pili ni maji baridi. Mtu wa Nairobi akisema maji baridi anafikiria friji. Mtu wa kisiwani akisema maji baridi ana maana ya maji yasiyo ya chumvi, maji ya kunywa, yawe ya moto au ya vuguvugu. Baadaye nikaelezwa kwamba hata jina Nairobi lilitokana na Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini. Mji huu nao uliitwa kwa maji yake.

Watu huniuliza kama sikuhama tabu moja nikaangukia nyingine. Nawajibu kwamba sikuhama kabisa. Kisiwa ni mahali ambapo maji yamekuzunguka na huwezi kuyanywa. Pate imezungukwa na bahari. Mathare imepitiwa na Mto Mathare na Mto Gitathuru, na hakuna mtoto wa huku anayeruhusiwa kuchovya hata kidole. Jirani yangu wa mlango wa tatu ametoka Mfangano, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Viktoria. Yeye alikulia katikati ya maji baridi yasiyo na mwisho, na bado alipokuwa mdogo aliugua kichocho, kwa kuwa ziwa hilo hilo ndilo la kuoga, la kufulia na la kunyweshea ng'ombe. Tukikaa jioni kumenya njegere huwa tunalinganisha. Wake ni uchafu, wangu ni chumvi, na hapa tulipokutania ni bomba tupu.

Nitawaeleza jinsi wazee wangu walivyoishi na tabu hiyo, maana nahitaji jambo hilo ili niseme nililokusudia.

Visiwani kwetu maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi. Mvua ikinyesha hupenya mchangani na kutua juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya kisiwa, yakaelea kwa sababu ni mepesi zaidi. Wataalamu wamepima: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Ndiyo maana matuta ya mchanga ya Shela yameinywesha Amu, yaani mji wa Lamu, kwa karne nyingi. Lakini ukiyavuta kwa pupa, kwa pampu kubwa usiku na mchana, chumvi hupanda kuziba nafasi, na kisima kilichoharibika hivyo hukaa miaka mingi kabla ya kupona. Bibi yangu hakusoma habari hizo popote, ila alikataza kuteka kisimani mara mbili mfululizo. Alisema, "Mwache apumue." Kisima kwake kilikuwa kiumbe.

Pasipo na kisima kizuri palikuwa na jabia. Jabia ni sakafu pana iliyopigwa chokaa au saruji, yenye mteremko, na chini yake tangi lililojengwa ardhini. Masika ikinyesha, sakafu yote hukusanya maji na kuyapeleka tangini, nanyi mtakunywa hapo hadi vuli ikijaliwa. La kijijini kwetu lilikuwa na mlinzi wake. Simtaji jina, amekwishatangulia mbele ya haki. Ufunguo wa kifuniko ulining'inia kiunoni mwake, na hata akienda msikitini ulikwenda naye. Kabla ya masika aliwaita vijana kufagia, yeye mwenyewe akipita kwa magoti na ndoo ya chokaa akiziba nyufa moja baada ya nyingine, akizigonga kwa ukucha kusikia kama kuna uwazi. Ole wake aliyekanyaga jabia na viatu. Mbuzi aliyepanda juu, mwenye mbuzi alisafisha. Na mzee huyo hakufanya bure: kila nyumba ilimpa kitu, na mashua zikirudi samaki wake hawakusahauliwa.

Sasa nifike kwenye bakuli. Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya mawe Mkomani, mjini Amu, na ndani ya choo chake mlikuwa na birika la kuhifadhia maji, limejengwa ukutani. Ndani ya birika waliishi samaki wadogo, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba hivi, nimetumwa kusafisha. Nikateka maji yote, na nilipofika chini nikakuta bakuli la kaure, la buluu na nyeupe, limejengewa sakafuni kabisa, nusu yake ndani ya chokaa. Samaki wote walikuwa wamekimbilia humo. Maji ya birika yamekwisha, lakini bakuli limebaki limejaa, nao wanazunguka ndani yake wakingoja. Nikamwita shangazi nikidhani nimegundua ajabu. Akasema aliyejenga alijua kwamba siku moja birika litakauka, basi akawawekea samaki siku hiyo tangu siku ya kujenga.

Nimelifikiria bakuli hilo maisha yangu yote, na mwaka jana lilinirudia kwa uchungu.

Nilikwenda nyumbani kwa msiba. Basi hadi Mokowe, boti hadi Amu, kisha kungojea maji yajae ili chombo kipite mkondo wa Mkanda, hadi gati la Mtangawanda kisiwani Pate, na kutoka hapo pikipiki. Njiani tulisimama kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Nyuma ya shule nikaonyeshwa chumba chenye kibao kizuri cha chuma: jina la mfadhili, jina la mgeni wa heshima, tarehe ya uzinduzi. Ndani mlikuwa na mtambo wa kuchuja chumvi. Mitambo hii hufanya kazi hivi: pampu husukuma maji ya chumvi kwa nguvu kubwa kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, maji yakapita, chumvi ikabaki. Ni ufundi mkubwa, nami sina neno nao. Inawezekana. Kule Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, shirika la GivePower la Marekani lilifungua mtambo wa namna hii unaotumia nguvu za jua mwaka 2018, wenye uwezo wa maelfu ya lita kwa siku.

Huu niliouona mimi ulikuwa umekufa. Nikauliza umeharibika nini. Kijana aliyeshika funguo akafungua silinda ya mbele akanitolea kichujio, kile cha kwanza kabisa kinachozuia mchanga na takataka zisifike kwenye utando. Kimesokotwa kwa uzi mweupe, urefu kama kiganja na nusu, mwepesi. Kilikuwa kimegeuka kahawia, kigumu kama mkate wa juzi. Kilitakiwa kubadilishwa kila baada ya muda mfupi. Hakikubadilishwa, pampu ikasukuma kwa tabu, ikapata moto, ikaungua. Vichujio vya akiba vilikuja vichache na mtambo, vikaisha. Dukani Amu havikuwepo. Aliyefunza vijana kuendesha mtambo alikaa siku mbili akaondoka, na namba aliyoacha haipokelewi. Kijana mwenyewe hakuwa akilipwa. Akaniambia, "Mama, mimi ni mvuvi. Nilikuwa nikija hapa bahari ikichafuka." Nje ya chumba, wanawake walikuwa wakirudi na madumu kutoka kwenye jabia la zamani.

Katika ukame wa 2021 na 2022 majabia mengi ya Lamu Mashariki yalikauka, na maji yakapelekwa kwa boti. Fikirini boti lililobeba maji, likikata mawimbi ya maji, kuwapelekea maji watu waliozungukwa na maji. Na katika baadhi ya vijiji hivyo kuna chumba chenye kibao kizuri.

Nilirudi Nairobi na kile kichujio mkobani. Kijana alinipa, hakikuwa na kazi tena.

Hapa Mathare tunavyo vibao vyetu. Mwaka 2015 zilizinduliwa mashine za maji za kadi. Uliweka kadi, mashine ikasoma, ikakupimia lita 20 kwa senti 50. Nataka niwe mkweli: sikufurahi. Nilikuwa nauza mtungi shilingi tatu na niliona riziki yangu inakwenda. Lakini nilipoketi na kupiga hesabu nikaona wamefanya haki. Mtungi kwa senti 50 ni shilingi 25 kwa lita 1,000. Mtungi kwa shilingi tano, bei ya sasa ya siku ya kawaida hapa kwetu, ni shilingi 250. Siku za ukame au mgao ukivurugika, mtungi hufika shilingi 20, na hiyo ni shilingi 1,000 kwa lita zile zile. Mwenye nyumba ya bustani upande wa pili wa Thika Road, aliye na mita ukutani, hajawahi kulipa bei hiyo. Maskini wa Nairobi ndiye mnunuzi wa maji ya ghali kuliko wote. Mashine ile ilikuwa inaelekea kulirekebisha hilo, na mimi ningetafuta biashara nyingine.

Mashine iliyokuwa karibu nasi ilinyamaza. Siku ya kwanza ilikataa kadi, siku ya pili ikatoa maji bila kukata pesa, siku ya tatu ikazimika taa. Watu walikuja na mitungi yao, wakaizunguka, wakaigonga kwa kiganja kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Palikuwa na mafundi wa umeme na wa simu hatua thelathini kutoka hapo, vijana wanaofufua simu zilizoanguka mtoni. Hakuna aliyeruhusiwa kuifungua, wala aliyekuwa na kifaa chake. Kadi yangu ninayo mpaka leo, ndani ya Msahafu.

Baadaye, kuanzia 2020, visima vilichimbwa katika mitaa ya mabanda wakati wa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, ile iliyoongozwa na Jenerali Badi. Vilisaidia, nami sitavisema vibaya: wakati wa korona, kuambiwa unawe mikono na huna maji kulikuwa ni dhihaka, na visima vile vilileta maji. Lakini maji ya ardhini ya Nairobi katika sehemu nyingi yana floraidi, ile inayopaka meno ya watoto rangi ya hudhurungi, zaidi ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Kisima cha namna hiyo kinahitaji kupimwa na kuchanganywa na maji ya bwawa mwaka baada ya mwaka. Kinahitaji umeme uliolipiwa. Kinahitaji mtu.

Kisha ikaja Aprili 2024. Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 mto ulipanda ukaingia vyumbani, watu wakapanda juu ya mabati na watoto migongoni. Wako niliowauzia maji jioni ile ambao sikuwaona tena. Siwezi kuandika zaidi juu yao. Nitaandika kuhusu mabomba: mto uliyang'oa yote ya bondeni, na baada ya mto yalikuja matingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka ukingoni, yakavunja yaliyosalia. Asubuhi ya mafuriko, maji yakiwa magotini, hapakuwa na tone la kunywa Mashimoni. Waliorudisha bomba letu ni vijana wanne wa hapa hapa. Waliunga vipande kwa mpira wa tairi kuukuu, wakaukata kuwa utepe mrefu kwa wembe, wakaufunga kwa kuuvuta hadi mishipa ya mikono ikawasimama, mzunguko juu ya mzunguko, kama anayefunga mguu uliovunjika. Siku ya nne bomba likakohoa. Hakuna aliyewalipa isipokuwa sisi, kwa kuchanga.

Mwaweza kuona ninakoelekea. Vijana wale ndio walinzi wa jabia. Wapo Mathare, wapo Siyu, wapo Mfangano. Wanajua bomba lipi limepita wapi, ufa uko kiungo gani, mfereji upi hutoa hewa. Kitu wanachokosa ni mshahara, sanduku la vipuri na funguo.

Ninaposema hivi najibiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba watu wa mabanda hawataki kulipa na ndio wanaoiba maji. Wizi upo, siufichi. Kuna wanaokata bomba kuu usiku, wakafunga lao, wakauza, na wakifungiwa huleta vitisho. Magazeti yanawaita makateli. Lakini hao ndio ambao watu wanawalipa! Kila siku, pesa taslimu, bila deni, shilingi tano tano. Pesa ya maji Mathare ipo na imekuwepo siku zote. Mathare ilihesabiwa watu 206,564 katika sensa ya 2019, ndani ya kilomita tatu za mraba. Kaunti nzima ya Lamu, yenye zaidi ya kilomita 6,000 za mraba, ilihesabiwa watu 143,920. Watu wote hao wa Mathare hununua maji. Anayesema hawalipi hajawahi kusimama kwenye foleni yangu.

La pili ni zito zaidi, na nalipokea kwa heshima. Mhandisi mmoja mstaafu, mteja wangu wa zamani, aliniambia kwamba tatizo la Nairobi ni uchache wa maji yenyewe. Jiji limekuwa kwenye mgao tangu Januari 2017. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, lina nafasi ya lita bilioni 70 na ndilo linalotunywesha sehemu kubwa kabisa, lakini mji umekua kulipita, na ndiyo sababu lilichimbwa handaki la kilomita 11.8 huko Murang'a kuliongezea maji ya mito. Akasema, "Mama, mlinzi wa jabia hawezi kulinda jabia lisilo na mvua." Ni kweli. Mabwawa yajengwe. Lakini maji ya Ndakaini yakishafika Mathare mengi yake humwagika mtaroni kwenye viungo vilivyofungwa mpira wa tairi, na hayo yaliyomwagika yameshachujwa, yameshatiwa dawa, yamesafiri kilomita hamsini na zaidi kutoka milimani. Kuongeza maji kwenye bomba linalovuja ni kuongeza maji ya mtaro.

Basi ninalotaka ni hili. Kila mradi wa maji, uwe ni mtambo wa chumvi Pate au kioski Mathare, usizinduliwe kabla ya fungu la matunzo kuwekwa kwenye bajeti ya kaunti, la miaka isiyopungua kumi, likiwa na mshahara wa fundi anayeishi hapo hapo. Akae umbali wa kusikia bomba likikohoa. Apewe funguo, apewe sanduku, na vipuri viwe vile vinavyopatikana dukani Gikomba au Amu, visivyongoja meli kutoka Ulaya. Jina lake na simu yake viandikwe kwenye kile kibao cha chuma, chini ya jina la mgeni wa heshima, kwa herufi kubwa kama zake. Mfadhili asiyetaka kulipia matunzo ashukuriwe aende zake. Najua neno hilo litawaudhi watu, hasa kwetu visiwani ambako mgeni aliyeleta maji hupokewa kwa ngoma. Lakini mtambo uliokufa una madhara zaidi kuliko kutokuwepo. Mahali ulipo, kijiji huacha kupiga chokaa jabia, kwa kuwa wameambiwa maji yamefika. Siku unapozimika, nyufa zimeshakuwa pana.

Hili liko mikononi mwa kaunti. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali la Nne likaikabidhi kaunti kazi ya kuyafikisha. Umoja wa Mataifa ulilikiri jambo hilo hilo Julai 2010. Haki ikishaandikwa mara mbili katika mwaka mmoja, sioni sababu iendeshwe kwa hisani. Hata Zanzibar, Sultan Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 aliwavutia watu wa mji maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka nje ya mji. Lilikuwa ni jambo la utawala, likatoka kwenye hazina.

Nyumbani kwangu tuko watano. Tunatumia mitungi minne kwa siku, lita 80, yaani lita 16 kwa mtu. Wataalamu wanataja lita 50 hadi 100 kwa maisha ya kawaida, na 15 kwa kambi ya wakimbizi siku za dharura. Mimi ni muuzaji wa maji, mfereji uko mlangoni pangu, nami naishi lita moja juu ya kambi. Mjukuu wangu wa miaka sita anajua kuoga kwa kopo moja na nusu. Anaanza na uso.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kabla yake sheria inataka wananchi waitwe kutoa maoni yao kuhusu bajeti. Vikao hivyo huwa na viti vingi vitupu. Sisi wa maji huwa kwenye foleni. Mwaka huu nitafunga kioski. Nimeshazungumza na wale vijana wanne, nao watakuja, na kipande cha bomba chenye mpira wa tairi kama kilivyo. Mimi nitabeba kile kichujio cha Pate. Kiko juu ya rafu, ndani ya mfuko wa nailoni, na kila nikikigusa kinaacha vumbi la chumvi vidoleni. Nitakiweka mezani mbele ya maafisa na kuwauliza kila mradi uliomo kwenye kitabu chao, mmoja baada ya mwingine, nani atabadilisha hiki, anaishi wapi, na mshahara wake uko ukurasa gani.